Aibu ya Kuandikishana: Miaka Zaidi ya Kumi ya Kupangisha Vyumba Mbagala

Nyumba yangu ya kupangisha iko Mbagala Kuu, wilaya ya Temeke, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Barabara ya Kilwa. Ina vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, choo na bafu viko uani, na mbele kuna fremu moja ya duka. Niliinunua mwaka 2014 kwa shilingi milioni 32. Sehemu ilikuwa akiba yangu ya miaka ya uuguzi, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa SACCOS ya kazini. Wakati huo chumba kilikuwa kinapangishwa kwa 35,000 kwa mwezi. Nilikaa mezani na kalamu nikapiga: sita mara 35,000 ni 210,000, kwa mwaka 2,520,000. Ndani ya miaka kumi na tatu fedha yangu imerudi, na fremu ni ziada. Nilimwonesha mume wangu ile karatasi, akasema tuendelee.

Kwenye karatasi ile sikuandika popote neno mirathi, wala nyufa, wala ushuru wa stempu, wala kifo cha mpangaji. Yote hayo yamenifika.

Sisi watu wa huku tunaona haya kuandikishana. Mtu akikukaribisha kwake, akakupa chai, akakuita dada, kumwomba nakala ya kitambulisho ni kama kumwambia usoni kwamba humwamini. Babu yangu alikuwa na duka dogo Kilwa Masoko, na kila jioni alikuwa akituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Tulidhani anazungumzia sukari na mafuta ya taa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mzee aliyefariki. Waliouza ni wanawe wawili wa kiume, mmoja wao anafahamiana na mume wa mwenzangu wa kazini. Waliniambia familia imekubaliana. Walikuwa na leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kuishi kwenye kiwanja kisichopimwa, yenye jina la marehemu, muda wake umekwisha, pamoja na risiti za zamani zilizokunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, tukaandika karatasi ya mauziano, kila upande ukaleta mashahidi wawili, muhuri ukagongwa. Siku hiyo hiyo nikatoa milioni 20, na usiku nilishindwa kulala kwa furaha.

Baada ya wiki tatu nilipigiwa simu na mwanamke aliyesema yuko Tanga. Hakunitukana. Aliniuliza taratibu tu: "Dada, nani amekuuzia nyumba ya baba yangu?"

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, nikiwa nimeshalipa. Mtu akifariki, watoto kukubaliana barazani hakuwapi mamlaka ya kuuza. Lazima ateuliwe msimamizi wa mirathi, na kwa familia nyingi kama ile hilo hufanyika Mahakama ya Mwanzo: unapeleka cheti cha kifo, unapeleka muhtasari wa kikao cha ukoo, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mahakama inamteua mtu. Kati ya wale vijana wawili hakuna aliyeteuliwa. Na ule muhuri wa serikali ya mtaa niliokuwa nauangalia kila siku ulithibitisha jambo moja tu, kwamba watu fulani walikaa mbele ya mwenyekiti tarehe fulani. Kama muuzaji ana haki ya kuuza au hana, muhuri hausemi.

Ilichukua miezi kumi na minne. SACCOS iliendelea kukata mshahara wangu kila mwisho wa mwezi kwa nyumba ambayo sikuwa na ufunguo wake. Nilibahatika kwamba yule dada wa Tanga alikuwa muungwana. Alichotaka ni fungu lake na la mama yao. Ukoo ukakaa, mahakama ikamteua yeye kuwa msimamizi, tukafanya mkataba upya mbele ya wakili, na milioni 12 zilizobaki nikaziingiza benki kwenye akaunti ya mirathi. Ndugu wote watatu walisaini, na mama yao akaweka dole gumba. Siku hiyo yule kijana mkubwa alinisalimia kwa kuinamisha kichwa. Sikumlaumu, kwa sababu karatasi niliyopaswa kumwomba siku ya kwanza sikumwomba. Niliona aibu, maana walikuwa bado wana msiba.

Tangu hapo, ndugu au rafiki akiniambia anataka kununua nyumba, swali langu la kwanza ni: jina lililo kwenye karatasi ni la mtu aliye hai? Kama yu hai, ana mke au mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa auze nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na nimeshuhudia mauziano ya jirani yakivunjika kwa sababu mke alikuwa kijijini Newala na hakuna aliyemuuliza. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utaona mmiliki ni nani, kuna mkopo wa benki juu yake au hakuna, kuna zuio au hakuna. Changu hakikuwa kimepimwa, hivyo hakukuwa na cha kupekua. Kwa eneo la namna hiyo upekuzi ni miguu yako: kwa mjumbe, kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma, unawauliza mpaka uko wapi na nyumba ni ya nani. Mimi niliwazungukia majirani baada ya kununua. Jirani wa nyuma aliniambia, "Nesi, ungekuja mwaka jana ningekwambia kuna dada yao Tanga."

Tulipoingia ndani kuanza ukarabati, fundi akagonga ukuta wa chumba cha tatu kwa kitako cha nyundo, akanyamaza, akagonga tena. Plasta ilikuwa mpya, rangi mpya. Alipoikwangua ukatokea ufa wa kuingiza vidole viwili, kutoka dirishani hadi kwenye msingi. Wazee wa mtaa hawakushangaa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Mbagala lililipuka, watu zaidi ya ishirini wakafa, na nyumba nyingi za jirani zilipasuka au kuezuliwa. Nyumba ya mzee ilitikiswa siku ile, na miaka mitano baadaye wanawe wakaipaka rangi. Kushona ufa, kumwaga upya linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na kubadilisha nyaya za umeme kulinigharimu milioni tatu na laki nne. Ukiona nyumba kuukuu imepakwa rangi wiki ya kuuzwa, nenda na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, agonge kila ukuta.

Kuna hatari nyingine ambazo mimi hazikunipata, ila nimeziona kwa macho. Kimara, mwaka 2017, nyumba zilibomolewa kwa upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na miongoni mwao kulikuwa na za kupangisha zilizokuwa zinalisha familia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na ufukweni. Nyumba ya bondeni huuzwa bei nafuu wakati wa kiangazi. Nenda kaiangalie mwezi wa nne.

Sasa wapangaji. Mwanzoni nilikuwa na mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa vyumba sita. Sijui ugomvi unaochosha kuliko wa umeme wa kuchangia. Mwenye friji anasema friji yake haili umeme, anayepiga pasi kila asubuhi anasema anapiga dakika tano, anayetoka alfajiri na kurudi usiku anauliza kwa nini achange sawa na wenye televisheni mbili. Nilifunga mita ndogo za ndani, kila chumba yake, na kelele zikaisha wiki hiyo hiyo. Kisha Agosti 2021 kodi ya majengo ikahamia kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama yangu, na tangu 2023 ni 1,500. Anayekuwa wa kwanza kununua umeme mwezi mpya ndiye anayekatwa, wakati kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Wapangaji wangu walianza kuviziana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, na usiku wa tarehe mosi nyumba nzima gizani. Tukakubaliana: umeme wa kwanza wa kila mwezi nanunua mimi. Jambo hilo nimeliandika kwenye mkataba, kipengele cha nne.

Fremu ya mbele niliipangisha kwa kampuni ndogo ya kusambaza maji ya chupa. Malipo ya kwanza yalipoingia benki nilikuta yamepungua asilimia kumi. Nikaenda pale kwa hasira. Mhasibu wao, kijana mpole, akanivutia kiti akanieleza kwamba kampuni inapolipa kodi ya pango inatakiwa ikate asilimia 10 kama kodi ya zuio, iipeleke TRA, na mimi nipewe cheti. "Mama, cheti hicho ni fedha yako," akaniambia. "Ukipeleka hesabu zako za mwaka, unaonesha kwamba hiyo umeshalipa." Sikuwa na hesabu za mwaka. Sikuwa na TIN ya biashara ya kupangisha. Nilikuwa najiona mtu mwenye vyumba tu. Nilikwenda kujisajili, na namshukuru kijana yule hadi leo, kwa sababu ndiye pia aliyenifundisha ushuru wa stempu. Mkataba wa pango hulipiwa asilimia moja ya kodi ya mwaka. Hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi kama ushahidi. Kwa chumba cha 40,000 kwa mwezi ni shilingi 4,800 kwa mwaka mzima. Wenye nyumba wengi ninaowafahamu hawajawahi kuusikia.

Ningeusikia mapema, na ningekuwa na mkataba wa kulipia huo ushuru, nisingepata shida niliyopata na mpangaji wa chumba cha tano. Huyo aliletwa na binamu yangu. Kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, hatukuandikishana chochote. Miaka miwili alilipa vizuri, kisha akaanza "mama nivumilie", na nikavumilia miezi mitano. Dalali mmoja akanishauri nimwekee kufuli. Nikaweka. Jioni alikwenda polisi kusema ndani ya chumba kulikuwa na laki sita, na anayeshikilia chumba ni mimi. Usiku ule nilijua nilivyojiweka pabaya. Yeye ndiye anayenidai, na mimi sina karatasi inayoonesha kwamba anadaiwa hata senti. Kufuli nililitoa asubuhi, nikaomba radhi.

Tukaenda Baraza la Kata. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu za ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku thelathini unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee wale watatu walitusikiliza kwa subira. Mwisho tulikubaliana ahame ndani ya wiki tatu, alipe miezi miwili, miezi mitatu nimsamehe. Nilipoteza 120,000. Binamu yangu alikaa karibu mwaka bila kunipigia simu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kama tungeandikishana tangu siku ya kwanza, ugomvi ungebaki kati ya mwenye nyumba na mpangaji, undugu usingeguswa.

Jambo ninalolikumbuka kuliko yote, hata hivyo, lilitokea kabla ya hapo, mwezi wa kumi na moja mwaka 2018.

Chumba cha pili alikaa kijana fundi wa friji. Miaka mitatu, hakuwahi kuchelewesha kodi hata siku moja. Akipita kwangu alikuwa anaacha salamu kwa wanangu wote kwa majina. Usiku mmoja alizidiwa ghafla, wenzake wakampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali, na siku ya pili akafariki. Hakuna aliyekuwa na namba ya ndugu yake hata mmoja. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. Wapangaji wakaikalisha mezani ukumbini wakasubiri iite. Iliita saa mbili asubuhi. Aliyepiga alikuwa mteja anayeuliza friji yake imefikia wapi. Ndivyo habari ya kifo chake ilivyoanza kusafiri, kwa mteja, hadi kwa fundi mwenzake wa Temeke, hadi kwa mtu wa kwao Lindi.

Siku iliyofuata alikuja kijana analia, akasema ni kaka yake. Wapangaji walisema wameshamwona pale mara mbili. Nilifungua chumba. Nilikuwa na huruma, na tena ilikuwa aibu: nani anamwomba mfiwa kitambulisho? Alibeba televisheni, mtungi wa gesi, godoro, friji mbili na sanduku la vifaa vya kazi. Akaondoka na kirikuu.

Mama mzazi alifika siku ya tisa, maziko yalishafanyika Lindi. Mama mtu mzima, mwembamba, kanga imefungwa kiunoni kwa safari. Nilimwamkia, akaniitikia, akaketi kwenye mkeka. Yule kijana alikuwa mtoto wa mjomba na hakwenda hata kwenye maziko. Mama hakuuliza televisheni. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nataka sanduku la vifaa tu. Alikuwa amwite mdogo wake mwaka huu aje ajifunze." Sikuwa na la kusema. Sanduku halikupatikana, yule kijana hakupatikana, na zile friji mbili zilikuwa za wateja. Mwenye friji mmoja alisamehe. Mwingine nilimlipa 150,000 kutoka mfukoni, kwa kuwa niliyefungua mlango ni mimi.

Marehemu alikuwa amelipa miezi sita mbele na alitumia miwili. Mama aliporudi mara ya pili akiwa na barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomtambua kuwa msimamizi, nilimkabidhi 160,000 mbele ya mjumbe. Alizihesabu, akafunga pembe ya kanga, akaweka dole gumba kwenye daftari langu. Ukurasa ule bado ninao. Wino umefifia kidogo upande mmoja.

Mkataba wangu sasa una kurasa tatu, na ukurasa wa tatu unatokana na kijana yule. Unataka majina ya ndugu wawili, mmoja lazima awe wa kijijini, pamoja na namba zao za simu, na nazipiga palepale mpangaji akiwa amekaa. Unauliza kama ndani kutakuwa na mali ya watu wengine, kwa mafundi na washonaji. Unasema kwamba likitokea la kutokea, chumba kinafungwa mbele ya mjumbe na wapangaji wawili, vitu vinaandikwa kimoja kimoja, na ufunguo unakaa kwa mjumbe hadi afike mtu mwenye barua. Nakala ya kitambulisho cha NIDA nachukua kwa kila mtu, hata kwa mtoto wa dada yangu anayekaa chumba cha sita. Yeye ndiye niliyemwandikisha wa kwanza, ili wengine waone.

Wapo wanaokwazika. Mwezi uliopita alikuja binti aliyeolewa karibuni, mumewe ni dereva wa lori. Alipofika ukurasa wa tatu alisimama, akaniuliza kwa nini namtaka mama yake kwenye mambo ya chumba. Nilimwambia habari ya mama wa Lindi, nikamweleza ilivyokuwa. Alinyamaza, akatoa simu, akanisomea namba mbili polepole ili nisikosee.

Fedha yangu ya mwaka 2014 bado haijarudi yote. Gari la majitaka huja mara mbili kwa mwaka, bati limebadilishwa upande mmoja, na mwaka 2020 vyumba viwili vilikaa vitupu miezi minne. Vyumba sasa vinakwenda kwa 50,000. Upimaji wa urasimishaji, ule wa kuyapatia hati maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, umepita mtaani kwetu, bikoni za mipaka zimewekwa, na jirani wa nyuma tumesaini wote wawili mahali mpaka ulipo. Hati nasubiri.

Karatasi zote nimeziweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda: barua ya uteuzi wa yule dada wa Tanga, mkataba wa wakili, hati ya benki ya milioni 12, risiti za mtaa, vyeti vya zuio, mikataba ya wapangaji walioko na waliohama, daftari lenye dole gumba. Jumamosi iliyopita nilimwita binti yangu mkubwa, ana miaka ishirini na mbili, nikazitoa moja moja tukiwa tumekaa sakafuni. Alikuwa hajui hata kwamba sanduku lile lina kitu zaidi ya vitenge. Tulimaliza saa kumi jioni. Nikamwandikia kwenye karatasi namba ya wakili na ya mjumbe, kisha nikampa ufunguo wa pili.